Namna ya Kuipima Hoja ya Kwamba Madoa ya Jua Huleta Mikurupuko ya Virusi

Mwishoni mwa mwaka wa 2024, jua lilipokuwa limefika kilele cha madoa yake, mzee mmoja wa barazani kwetu Kibokoni alinionyesha kwenye simu yake ujumbe uliokuwa ukizunguka mjini Mombasa. Ulidai kwamba kila jua linapochafuka huzuka virusi vipya duniani, na kwamba mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, ambayo ilikuwa imegunduliwa mpakani Taveta mwishoni mwa Julai, ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza. "Mwanangu," aliniuliza, "haya ni ya kweli au ni maneno ya watu tu?" Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali lake lilistahili jibu ambalo yeye mwenyewe angeweza kulihakiki bila ya kuniamini mimi. Nimeliandika hapa kwa mpangilio wa kazi, ili kila aliyetumiwa ujumbe kama ule aweze kuifanya hesabu nyumbani kwake. Mahitaji ni daftari, kalamu na jioni mbili zenye utulivu.

Jambo moja la usalama litangulie. Kazi hii haikudai ulitazame jua. Usilitazame kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, na zaidi ya yote usilitazame kwa darubini, kwani jicho huungua bila ya kuhisi maumivu. Hesabu za madoa zimekwisha kukusanywa na hutolewa bure.

Ujue kwanza kinachohesabiwa

Madoa ya jua ni sehemu za uso wa jua zenye usumaku mkali, na huonekana nyeusi kwa sababu joto lake ni la chini kuliko la sehemu zinazoyazunguka. Mwaka wa 1843 Mjerumani mmoja aliyekuwa muuza dawa, Heinrich Schwabe, alitangaza kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa zamu, baada ya kuyaangalia kwa miaka 17 akitafuta kitu kingine kabisa, yaani sayari ambayo aliamini imejificha karibu na jua. Zamu moja huchukua takriban miaka 11, lakini si saa ya ukutani: nyingine huisha kwa miaka 9 na nyingine hufika 14. Rudolf Wolf wa Uswisi ndiye aliyeweka njia ya kuhesabu, ambapo kila kundi la madoa hupewa 10, kisha huongezwa idadi ya madoa mamoja mamoja. Orodha hiyo leo hutunzwa Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Uangalizi wa Anga ya Ubelgiji, na mwaka wa 2015 ilisahihishwa yote, kwa hiyo makala za zamani zinaweza kuwa na nambari zisizolingana na utakazozikuta leo.

Katika daftari lako andika safu mbili. Safu ya kwanza ni ya vilele, yaani miezi ambayo madoa yalikuwa mengi kuliko wakati wowote wa zamu yake: Mei 1778, Novemba 1829, Agosti 1870, Agosti 1917, Machi 1958, Novemba 1968, Desemba 1979, Novemba 2001, Aprili 2014 na Oktoba 2024. Safu ya pili ni ya mabonde, yaani miezi ya madoa machache: Mei 1823, Novemba 1833, Machi 1890, Aprili 1954, Machi 1976, Septemba 1986, Agosti 1996, Desemba 2008 na Desemba 2019. Sikuziandika zote, nimeandika zile tutakazozihitaji.

Usikilize walioitetea hoja, kwa heshima

Wazo hili halikuanzia kwenye simu. Neno lenyewe la influenza ni la Kiitaliano na maana yake ni athari, kwa kuwa watu wa zamani wa Italia waliamini kwamba mafua makali yalikuwa athari ya nyota. Sisi wa pwani, ambao tumeishi na walimu wa falaki vizazi na vizazi, hatuna sababu ya kuwastaajabia. Katika miaka ya 1920 Mrusi Alexander Chizhevsky aliyahusisha madoa ya jua na magonjwa, na hata na vita na maasi. Mwaka wa 1978 daktari wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliandika katika jarida la sayansi la Nature kwamba majanga ya mafua ya karne ya 20 yalitokea wakati wa vilele vya madoa. Huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa, kwani ndiye yule yule aliyeonyesha, kutokana na wagonjwa wake mwenyewe, kwamba mkanda wa jeshi hutokana na virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini. Mwaka wa 1990 wanaastronomia Fred Hoyle na Chandra Wickramasinghe walilirudia wazo lake katika jarida hilo hilo, wakiliunganisha na imani yao kwamba virusi huja kutoka angani. Miaka mingi baadaye, Wickramasinghe na wenzake walianza kutahadharisha kuhusu mabonde.

Rudi usome sentensi hiyo ya mwisho polepole, maana ndani yake limo tatizo lote. Hoja iliyoanza kwa kusema "kilele" ilihamia "bondeni", na wapo wanaosema kwamba popote kati ya hivyo viwili panatosha. Ndiyo sababu hatua inayofuata ni ya lazima, na ukiiruka, kazi nyingine yote haina faida.

Andika kanuni kabla ya kutazama tarehe za magonjwa

Mwambie anayekuletea hoja aamue mambo matatu, na uyaandike kwa maneno yake: ni kilele, ni bonde, au ni vyote viwili, ni miezi mingapi kabla na baada, na tarehe ya ugonjwa ni ipi, ya mgonjwa wa kwanza au ya tangazo la wakubwa. Hili la tatu hudharauliwa, ilhali lina uzito. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa mara mbili, mwezi wa Julai 2022 na mwezi wa Agosti 2024. Tangazo la pili lilikuja miezi miwili kabla ya kilele, na ujumbe wa mzee wangu ulisimama juu yake. Tangazo la kwanza lilikuja karibu katikati kabisa ya bonde na kilele, na ujumbe haukulitaja.

Kisha hesabu nafasi ya bahati tupu. Zamu ya miaka 11 ina miezi 132. Anayesema "mwaka mmoja kabla au baada ya kilele" amejitengea miezi 24, yaani asilimia 18 ya wakati wote. Anayesema "kilele au bonde" kwa mpaka huo huo amejitengea miezi 48, yaani asilimia 36. Na anayeruhusu miaka miwili kila upande wa vyote viwili amejitengea miezi 96, ambayo ni asilimia 73, kiasi cha kwamba hata tarehe za harusi za mtaa mzima zingemuunga mkono.

Jaribio la kwanza: majanga saba

Sasa chukua majanga ya dunia ambayo hutajwa na kila upande, pamoja na mwezi yalipoanza kuonekana. La 1889 lilianza miezi michache kabla ya bonde la Machi 1890. Mafua makuu ya 1918 yaliripotiwa kuanzia Machi, miezi 7 baada ya kilele. Mafua ya 1957 yalianza China mwezi wa Februari, miezi 13 kabla ya kilele. Yale ya Hong Kong yalianza Julai 1968, miezi 4 kabla ya kilele. Yale ya 1977 yalianza Mei, miezi 14 baada ya bonde. Mafua ya nguruwe yalizuka Machi 2009 huko Mexico, miezi 3 baada ya bonde. Korona ilionekana Desemba 2019, mwezi ule ule wa bonde.

Ukiifuata hoja ya Hope-Simpson, yaani kilele peke yake, na ukiipa mwaka mmoja kila upande, unapata mawili kati ya saba. Bahati tupu ingekupa moja na kidogo. Hapo hapana jambo la kusisimua.

Ukichukua vilele na mabonde pamoja, unapata matano kati ya saba, na ni lazima niseme kwa uaminifu kwamba hili linavutia: kwa bahati tupu lingetokea takriban mara 1 kati ya 15. Ukiusogeza mpaka kwa miezi miwili tu, kutoka 12 hadi 14, yote saba yanaingia ndani! Ukiifanya hesabu kana kwamba mpaka huo uliwekwa tangu mwanzo, utaambiwa kwamba bahati ingeleta jambo hili mara 1 kati ya 400. Mtu akikuonyesha nambari hiyo peke yake, utaamini, na hutakuwa mjinga kwa kuamini.

Lakini miezi 14 ilitoka wapi? Niliipata kwa kuzitazama tarehe zenyewe na kuukata mpaka pale pale ilipoishia ya mwisho. Fundi akishona kanzu kwa vipimo vya mtu mmoja, si ajabu ikimkaa mtu huyo. Kanuni iliyotokana na tarehe fulani haiwezi kuthibitishwa kwa tarehe hizo hizo. Ni lazima ipelekwe kwa nyingine ambazo hazikushiriki katika kuiunda. Zaidi ya hayo, virusi vya 1977 vilifanana mno na vya miaka ya 1950, hata wataalamu wengi wanaona kwamba vilitoka maabara au katika majaribio ya chanjo. Kama ni hivyo, jua halikuwa na mkono wake hapo, ilhali tukio hilo limehesabiwa upande wake.

Jaribio la pili: tarehe za pwani yetu

Hatua hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu tunazo tarehe zetu wenyewe na hakuna aliyezitumia kutunga ile kanuni ya miezi 14.

Anza Zanzibar. Daktari James Christie, aliyefanya kazi huko, aliandika kuhusu ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo uliowapata watu mwaka wa 1870, ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Wazee walimweleza kwamba waliujua, kwa kuwa uliwahi kuwafika mwaka wa 1823. Kutokana na jina hilo tumelirithi neno kidingapopo, yaani homa ya dengue, ingawa wapo wanahistoria wa tiba wanaodhani kwamba ugonjwa ule ulikuwa chikungunya, ugonjwa mwingine wa virusi unaoenezwa na mbu. Sasa tazama safu zako: 1823 ni mwaka wa bonde, na 1870 ni mwaka wa kilele. Ugonjwa mmoja, kisiwa kimoja, mara moja jua likiwa safi na mara nyingine likiwa limejaa madoa. Anayesema "kilele au bonde" atafurahi kupata mawili. Lakini anayetaka kueleza jua lilifanya nini hasa ana kazi kubwa, maana hali mbili zilizo kinyume zimeleta kitu kimoja.

Endelea. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka wa 1952, na jina lake ni la Kimakonde, likimtaja mtu aliyekunjika kwa maumivu. Tukio hilo lilikuwa zaidi ya mwaka na nusu kabla ya bonde: liko nje. Homa ya dengue ya Malindi na Kilifi, 1982: nje. Homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki mwa Kenya, ambayo vifo vyake viliripotiwa Desemba 1997: nje kwa miezi michache, na mpaka ni mpaka. Chikungunya ya Lamu, iliyofika Mombasa mwaka huo huo wa 2004: nje kabisa, zaidi ya miaka miwili baada ya kilele na zaidi ya minne kabla ya bonde. Homa ya Bonde la Ufa ya Desemba 2006: nje, miaka miwili kamili kabla ya bonde. Dengue ya Mombasa iliyoanza 2013 na kuendelea hadi 2014: nimeiweka ndani, nikiipa hoja kila nafasi. Chikungunya ya Mombasa ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018: nje.

Jumla ni matukio tisa, na matatu yako ndani. Kanuni ya miezi 14 hujitengea asilimia 42 ya wakati, kwa hiyo bahati tupu ingetuletea karibu manne. Ukiwa mpole na kuiingiza 1997, unapata manne yenyewe. Ile ajabu ya 1 kati ya 400 imetoweka mara tu tulipoitoa kanuni nyumbani kwake.

Huenda mtetezi akasema kwamba haya ni magonjwa ya mbu, na kwamba yeye alikusudia mafua tu. Pingamizi hilo ni la haki iwapo alilisema mwanzoni. Basi mpelekee mafua ya zamani. Yale ya 1781 na 1782, yaliyoenea kutoka Asia hadi Ulaya, yalikuja takriban miaka mitatu baada ya kilele cha 1778. Yale ya kati ya 1830 na 1833 yalianza karibu na kilele na kuishia karibu na bonde, kwa hiyo kila mmoja anaweza kuyadai kuwa yake. Mtaalamu wa takwimu Sherry Towers, aliyezipitia upya hoja hizi kwa njia za takwimu mwaka wa 2017, hakuona ushahidi kwamba majanga ya mafua yanafuata madoa, na alionyesha kasoro katika namna ambavyo wa kabla yake walikuwa wamehesabu.

Uliza njia inayodaiwa

Hata uwiano ungekuwa wa kweli, bado ungehitaji njia ya kutoka juani hadi kwenye kifua cha mgonjwa. Njia tatu hutajwa.

Ya kwanza ni mwanga: kwamba miale ya urujuanimno huua virusi au hutupatia vitamini D, na ikipungua tunadhoofika. Nguvu yote ya mwanga wa jua hubadilika kwa takriban asilimia 0.1 tu kati ya kilele na bonde. Kwa kuwa dunia huwa karibu zaidi na jua mwezi wa Januari kuliko Julai, mwanga unaotufikia hupishana kwa karibu asilimia 7 ndani ya kila mwaka, yaani mara 70 ya tofauti ile, na wingu moja linalopita juu ya Likoni hupunguza zaidi ya hapo kwa dakika moja. Ni kweli kwamba miale mikali zaidi hubadilika kwa kiasi kikubwa, lakini hiyo huishia juu angani na haifiki ardhini.

Ya pili ni miale itokayo nje ya mfumo wa jua, ambayo huongezeka jua linapotulia, na hudaiwa kuvigeuza virusi. Virusi vya mafua havihitaji msaada huo. Hukosea vyenyewe kila vinapojinakili. Isitoshe, usumaku wa dunia huzikinga sehemu zilizo karibu na ikweta, kama Mombasa, kuliko sehemu nyingine zote. Ya tatu ni kwamba virusi hushuka kutoka angani. Hii sitaikalia sana: jeni za virusi vya 1957 na 1968 zina sehemu zilizotoka kwa ndege, na za 2009 zilitoka kwa nguruwe. Asili yao iko hapa hapa duniani.

Linganisha na uhusiano uliothibitika

Kabla ya kufunga daftari, tazama jinsi uhusiano wa kweli kati ya anga na ugonjwa unavyoonekana. Mwaka wa 2004 pwani ilikuwa na ukame na joto lisilo la kawaida. Maji yalipoadimika, watu waliyahifadhi ndani ya nyumba katika mapipa na mitungi isiyomwagwa kwa siku nyingi, na mbu wa Aedes, ambao hutaga penye maji safi yaliyotulia, wakapata makazi. Uchunguzi wa damu huko Lamu ulionyesha baadaye kwamba takriban watu 75 kati ya kila 100 walikuwa wameambukizwa. Kila pingu ya mnyororo huo inaonekana kwa macho: ukame, mtungi, kiluwiluwi, mbu, mtu. Vivyo hivyo, kabla ya homa ya Bonde la Ufa ya 2006, wanasayansi walikuwa wametoa tahadhari kutokana na joto la Bahari ya Hindi na mvua, na ugonjwa ukafuata. Utabiri ule ulitangulia tukio, na ulitaja mahali.

Kwa sababu hiyo, anayeishi mahali ambapo maji ya mfereji huja kwa zamu na mengine hununuliwa kwa mkokoteni, achunguze mfuniko wa pipa lake kila wiki kwa bidii kubwa kuliko anavyochunguza habari za madoa.

Andika utabiri na uutunze

Hatua ya mwisho ni kuupa upande wa pili nafasi ya kushinda. Bonde lijalo linatarajiwa karibu na mwaka wa 2030. Andika sasa kanuni yenye mipaka, kwa mfano: "Katika miezi 12 kabla au baada ya bonde lijalo, Shirika la Afya Duniani litatangaza dharura ya afya ya kimataifa kwa ajili ya ugonjwa wa virusi ambao haujawahi kutangazwa." Weka tarehe ya leo na sahihi ya shahidi, na usibadilishe hata neno.

Mzee wangu wa Kibokoni alikubali kuifanya kazi hii. Tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri, akafikiri kwa muda mrefu, akachagua bonde peke yake na miezi 12, na akakataa nilipompendekezea aongeze kilele. Niliandika kama alivyosema, akatia sahihi, nami nikatia yangu chini yake. Karatasi anayo yeye, pamoja na hati ya nyumba.